Namna ya Kulitazama Jengo la Jadi la Kijapani

Mtu aliyezoea nyumba za mawe au matofali, ambamo ukuta ndio unaobeba paa, hukimbilia kutazama kuta. Katika jengo la jadi la Kijapani mazoea hayo humpotosha, kwa kuwa uzito wa paa huchukuliwa na nguzo na mihimili ya mbao, na sehemu kubwa ya kuta ni kiambaza tu cha kuziba nafasi. Kwa hiyo anza na paa, ushuke kwenye maungio ya mbao na sakafu, na kuta uziache mwisho.

Angalia kwanza paa limeezekwa kwa nini. Vigae viliingia Japani pamoja na dini ya Kibuddha katika karne ya 6, na mara nyingi huashiria hekalu la dini hiyo au ngome, ilhali nyasi na magome ya mti wa hinoki, ulio wa jamii ya saipresi, ni kawaida zaidi kwenye jinja, yaani mahali pa ibada ya Kishinto. Usiishike kanuni hii kwa nguvu mno: Kiyomizu-dera mjini Kyoto ni hekalu la Kibuddha, na ukumbi wake mkuu umeezekwa kwa magome. Kisha upime upenu kwa macho. Hujitokeza mbali nje ya kuta ili kuzikinga na mvua nyingi, tena hulizuia jua la kiangazi lililo juu na kuliruhusu lile la kipupwe, lililo chini, liingie ndani. Katika kijiji cha Shirakawa-go, ambako theluji huanguka kwa wingi, mapaa ya nyasi yamesimama kwa mwinamo wa takriban nyuzi 60, na miti yake imefungwa kwa kamba bila misumari.

Sasa simama chini ya upenu uangalie juu. Katika mahekalu utaona vipande vya mbao vilivyopandana juu ya kila nguzo kama mikono inayopokezana mzigo. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwani ustadi wa seremala wa Kijapani umo katika namna ulimi wa ubao mmoja unavyoingia kwenye tundu la mwingine na kukaza. Pagoda (mnara wa hekalu la Kibuddha) ya ghorofa tano ya hekalu la Hōryū-ji, karibu na Nara, imesimama kwa namna hiyo kwa takriban miaka 1,300, na mti uliotengeneza nguzo yake ya katikati ulikatwa mapema zaidi, mwaka 594, kama pete zake za ukuaji zilivyoonyesha. Inama pia utazame miguu ya nguzo. Mara nyingi hukaa juu ya jiwe badala ya kuzikwa ardhini, na ukibahatika utaona mahali ambapo seremala alikata sehemu iliyooza na kuunga kipande kipya.

Ukikaribishwa ndani, vua viatu kabla ya kupanda sakafu iliyoinuliwa. Ukubwa wa chumba hutajwa kwa idadi ya tatami, mikeka minene yenye takriban sentimita 90 kwa 180 (ya Kyoto ni mikubwa kuliko ya Tokyo), kwa hiyo ihesabu. Sita au minane ni chumba cha kawaida. Chumba cha chai cha Tai-an, kinachohusishwa na Sen no Rikyū, bingwa wa sherehe ya chai wa karne ya 16, kina miwili tu. Kuta zenyewe ama ni fito za mianzi zilizokandikwa udongo, ama ni milango ya kuteleza: shoji, ya karatasi inayopitisha mwanga, na fusuma, isiyopitisha. Ukiiondoa yote, vyumba vitatu huwa ukumbi mmoja unaofunguka hadi engawa, baraza ya mbao inayoelekea bustani.

Swali la mwisho ni umri, na hapa uwe mwangalifu. Jinja kuu ya Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwa umbo lilelile na mbao mpya. Mara ya mwisho ilikuwa 2013. Uzio hukuzuia kulikaribia jengo lenyewe, lakini kando yake kuna kiwanja kitupu kilichotandazwa kokoto, kikisubiri zamu yake ya mwaka 2033.