Akisema anaacha pombe leo, usimfungie ndani kwanza

Braza yangu mkubwa alikunywa chupa ya mwisho Jumamosi usiku. Jumapili nyumba nzima ilifurahi, mama akapika chapo, tukachukua simu yake na viatu tukamfungia kwa keja huko Umoja, tukasema akae wiki moja pombe itamtoka. Jumatatu asubuhi akaanguka kifafa jikoni, na huyu ni mtu hajawahi kuugua kifafa maisha yake yote. Mimi si daktari, naandika tu vile ningetaka mtu aniambie hiyo Jumamosi.

Kitu hatukujua ni kwamba pombe inashika breki ya ubongo, ndio maana mtu akinywa analegea na ulimi unakuwa mzito. Sasa ukinywa kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, ubongo unazoea kuishi na breki imeshikwa, nao unajibu kwa kukanyaga mafuta zaidi ndio gari lisonge. Siku unatoa pombe ghafla breki imeachiliwa lakini mafuta bado yamekanyagwa mpaka chini. Wewe umeona matatu ya Jogoo Road dereva akiwa na haraka, basi ni hivyo: mikono inatetemeka, moyo unakimbia, jasho, presha inapanda, na ikizidi ni degedege. Kati ya hizi vitu zote watu wanatumia mtaani, pombe ni moja ya chache ambazo kuziacha ghafla kunaweza kuua mtu. Mimi nilikuwa nadhani ni unga (heroini) ndio uko hivyo.

Kwa hivyo kabla hajaacha, kaeni chini umuulize maswali, na umuulize kwa upole sababu mlevi akisikia harufu ya kesi anadanganya. Anakunywa kila siku ama ni wikendi? Ngapi kwa siku, na ni nini, keg, mzinga (ile chupa kubwa ya pombe kali), ama ile ya kupimiwa kwa kikombe? Amewahi kuanguka ama kuona vitu hazipo siku alikosa pombe? Kuna tembe anameza, hasa zile za usingizi ama bugizi, tembe za kulevya za mtaani? Na swali kubwa kuliko yote: asubuhi lazima atoe lock, yaani anywe kidogo kwanza ndio atulie? Huku kwetu tunacheka na hii maneno ya kutoa lock tukidhani ni hangova tu, lakini kama mtu hawezi kushika kikombe cha chai mpaka ameze kitu kwanza, hiyo si hangova tena, ni mwili unadai deni.

Yule wa Ijumaa na Jumamosi mara nyingi anaweza acha tu, atakuwa na hasira na usingizi mbaya siku kadhaa, basi. Huyu wa kutoa lock mpeleke hospitali KABLA hajaacha. Na kama hospitali ni kesho ama keshokutwa, asikate kabisa leo, apunguze tu polepole mpaka mfike. Najua inasikika vibaya, mama yangu karibu anichape nilipomwambia hivyo baadaye, lakini hata madaktari wanakataza mtu aliyezama kwa pombe kukata ghafla akiwa peke yake.

Mahali pa kwenda: Mathari pale Thika Road ni hospitali ya serikali na wanashughulikia pombe na madawa, si ya "wendawazimu" tu vile tulikua tukitishwa nayo tukiwa watoto. Laini ya NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na madawa, ni 1192, kupiga ni bure, wanakusikiliza na kukuelekeza. Kama ni rihabu ya kulipa, uliza kwanza kama imepewa kibali na NACADA, sababu kuna nyumba tu zimejaa vitanda mtu anafungiwa miezi mitatu bila kuonwa na daktari. Hospitalini mara nyingi wanampa dawa za kutuliza ubongo, dozi inashushwa siku baada ya siku. Hizo hizo ukinunua kemisti ujipimie mwenyewe, halafu aongeze pombe juu, pumzi inaweza kukatika akiwa usingizini, kwa hivyo usijaribu.

Sasa ratiba, na hapa weka alama kwa simu saa alikunywa mara ya mwisho. Kutoka masaa 6 mpaka 12 hivi ndio kutetemeka, jasho, kutapika na wasiwasi zinaanza. Kifafa kikija mara nyingi kinakuja ndani ya masaa 48 ya kwanza. Akianguka mlaze ubavu, toa vitu vigumu karibu, usimtie kijiko mdomoni (sisi tulitia, ikavunja jino), na akitulia tu mnaenda hospitali hata kama anasema yuko sawa. Halafu siku ya pili mpaka ya nne ndio kuna ile mbaya zaidi, mtu anachanganyikiwa hajui yuko wapi, anaona wadudu kwa ukuta, anaongea na watu hawapo, mwili moto, moyo mbio. Jirani yetu alisema ni mapepo, akataka kuita pasta, na mimi sina shida na pasta, aombe, lakini aombe mkiwa kwa gari mkielekea kasualti, sababu hiyo hali bila matibabu inaua.

Na mkifika semeni ukweli. Sisi tuliona aibu, tukasema tu "ameanguka", wakamtibu kama mgonjwa wa kifafa wa kawaida na siku nzima ikapotea. Sema hivi: huyu amekunywa kila siku miaka kumi na mbili, mara ya mwisho ni Jumamosi saa nne usiku. Uliza pia kuhusu vitamini B1, inaitwa thayamini. Mtu wa pombe hali vizuri, na hata kile kidogo anakula pombe inazuia mwili usikichukue, kwa hivyo B1 inaisha na ubongo unaanza kuumia: macho yanacheza, anatembea akiyumba hata hajalewa, kumbukumbu inapotea na wakati mwingine hairudi. Madaktari wanadunga hiyo vitamini mapema, na kama anawekewa dripu ya glukosi inatakiwa iende kabla ama pamoja nayo. Ukiuliza hawatakuchukia.

Akirudi nyumbani mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi, uji, ndengu, mayai, ndizi, na maji ya ORS kama anatapika. Paracetamol usimpe ovyo, ini lake tayari limechoka, daktari ndiye aseme kiasi. Brufen pia hapana, tumbo la mnywaji linaweza kuwa na vidonda na linavuja damu rahisi. Macho yakiwa manjano, tumbo kuvimba kama ana mimba, kutapika damu ama kitu kama machicha ya kahawa, choo cheusi kama lami, usingoje kliniki ya Jumatatu. Lakini kama ini limejaa mafuta tu bila makovu, wiki chache bila pombe linaanza kurudi. Makovu yenyewe ndio hayatoki kirahisi.

Kuna jambo moja usichanganye na haya. Mtu amekunywa chang'aa ama kitu cha lebo haieleweki, kesho yake anasema haoni vizuri, kama kuna ukungu, tumbo linauma, anapumua haraka. Hiyo si hangova na si kuacha pombe, inaweza kuwa methanoli, na ujanja wake ni kwamba inaweza kukaa masaa 12 hata 24 kabla ikuonyeshe. Ini linaigeuza kuwa asidi inayochoma mishipa ya macho. Wazee wa Mukuru wanakumbuka Novemba 2000, pombe haramu iliyoitwa kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 na wengine wakabaki vipofu. Maziwa hayasaidii, kulala hakusaidii, ni hospitali dakika hiyo hiyo, na mtafute wale wengine walikunywa pamoja naye hata kama wanasema wako fiti.

Kuhusu unga nitasema kidogo tu. Arosto, yaani ile hali ya mwili kukosa unga, inatesa vibaya sana, kuhara, mifupa kuuma, lakini mara nyingi haiui yenyewe. Kinachoua ni kurudi: teja (mtumiaji wa unga) amekaa safi wiki mbili, mwili umesahau, anapiga kipimo chake cha zamani. Ukimpata anakoroma vibaya, midomo ya bluu, mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano, huyo anakufa, mlaze ubavu mkimbizane na hospitali, kuna sindano ya naloksoni inamrudisha. Mathari wanatoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, tangu 2014. Na hii jaba (miraa ama muguka) ya kutafuna ndio usilewe, wacha nikuambie, pombe iko kwa damu ile ile, muguka imekunyima tu usingizi, kwa hivyo unaongeza raundi ingine ukidhani uko sawa.

Baada ya wiki ya kwanza hatari ya kifafa imepungua sana, sasa inabaki kichwa. Usingizi utasumbua hata miezi. Hapo ndio akina mama wanauziwa zile tembe za kuweka kwa supu kisiri "ndio achukie pombe". Tafadhali. Hiyo dawa, daisalfiramu, inatumika kweli lakini mwenyewe akijua na daktari akimpima, sababu akikunywa pombe juu yake uso unawaka, moyo unaenda mbio, presha inaanguka, na kuna watu wamekufa. Mwambie wazi ama usimpe.

Kwetu kitu kilisaidia ni vitu vidogo. Aliacha kupita ile njia ya base, pale alikuwa anakunywia, anashukia stegi moja mbele na kutembea nyuma. Mshahara unaingia kwa M-Pesa ya mke wake, yeye mwenyewe ndiye alisema. Kila mwisho wa mwezi siku ya mshahara ananipigia saa kumi na moja jioni, saa ile baa zinafunguliwa, tunaongea mpira mpaka afike kwa mlango. Mara mbili hakupiga. Mara ya pili nilimtafuta, tukaanza kuhesabu upya, lakini safari hii tulipitia Mathari kwanza.