Jinsi ya kuendesha kazi zako zote kwa faili moja la maandishi matupu

Programu za kupangia kazi ni nyingi, na karibu kila moja ina namna yake ya kuhifadhi unachoandika. Ukiihama, au wenye programu wakiifunga, orodha yako ya miaka hubaki humo ndani au hutoka ikiwa vipande vipande. Faili la .txt halina shida hiyo. Hufunguka kwenye kompyuta yoyote na simu yoyote, bila akaunti na bila intaneti, na litafunguka hata baada ya programu unayoitumia leo kusahaulika. Kinachohitajika zaidi ni kanuni chache za kuandika na ujasiri wa kufuta. Mwongozo huu unaonyesha vyote viwili.

Hatua ya 1: Andaa folda na mafaili matatu

Tengeneza folda moja, iite kazi. Ndani yake weka mafaili matatu tu:

kazi.txt (yaliyo mbele yako)
zimekwisha.txt (yaliyofanyika)
kapu-simu.txt (yanayoandikwa ukiwa mbali na kompyuta)

Majina yawe kwa herufi ndogo, bila nafasi. Linux huhesabu Kazi.txt na kazi.txt kuwa mafaili mawili tofauti, lakini Windows na macOS kwa kawaida huyahesabu kuwa moja. Ukichanganya mifumo hiyo, siku moja utakuta faili moja limefunika jingine.

Kwenye Windows tumia Notepad. Kabla ya yote, fungua dirisha la mafaili, nenda kwenye menyu ya mwonekano, uwashe chaguo la kuonyesha herufi za mwisho wa majina. Windows huzificha, na ndiyo sababu watu huishia kuwa na faili linaloitwa kazi.txt.txt bila kujua. Kwenye Mac, TextEdit huanza na maandishi yenye mapambo na huhifadhi kama .rtf. Bonyeza Shift+Command+T kwanza ili ipate kuandika maandishi matupu, ndipo uhifadhi. Kwenye simu tafuta programu inayofungua na kuhifadhi faili halisi la .txt ndani ya folda unayoiona mwenyewe. Nyingi zinazojiita daftari hazifanyi hivyo, bali huficha kila kitu ndani ya hazina yao.

Unapohifadhi mara ya kwanza, chagua usimbaji (namna kompyuta inavyohifadhi herufi) wa UTF-8. Notepad ya sasa huuchagua yenyewe, ila matoleo ya kabla ya 2019 yalianza na usimbaji wa zamani.

Usiogope faili kuwa kubwa. Herufi zote za alfabeti ya Kiswahili huchukua baiti 1 kila moja ndani ya UTF-8. Ukiandika mistari 20 kwa siku, kila mmoja wenye herufi 60, utapata baiti 1,200. Kwa siku 365 ni baiti 438,000, yaani chini ya nusu megabaiti. Picha moja ya simu huizidi.

Hatua ya 2: Gawa kazi.txt kwa vichwa vitano

LEO
- Tuma rasimu ya mkataba kwa mwanasheria +mkataba hadi:2025-09-11
- Andika aya ya utangulizi ya ripoti ya robo mwaka +ripoti 

NASUBIRI
- Mhasibu: hesabu za Agosti, niliomba 2025-09-02 +ripoti

WIKI HII
- Piga simu benki kuulizia kadi mpya @simu

BAADAYE
- Linganisha bei za printa mbili

KAPU

Alama ya + hutaja mradi, na @ hutaja mahali au chombo kinachohitajika. Mtindo huu umetoka kwenye muundo wa todo.txt ulioanzishwa na Gina Trapani mwaka 2006, na faida yake ni kwamba hauhitaji programu maalumu. Bonyeza Ctrl+F, andika +ripoti, na kila mstari wa mradi huo utauona. Usizidishe alama. Miradi mitano au sita yenye majina mafupi inatosha. Ukifika ishirini utaanza kusahau kama uliandika +ripoti au +taarifa, na hapo utafutaji hauna maana tena.

Kichwa cha NASUBIRI ndicho kinachopuuzwa zaidi, na ndicho kinachookoa zaidi. Kila unapomwomba mtu kitu, andika jina lake, ulichoomba na tarehe uliyoomba. Bila tarehe, utamkumbusha mtu mapema mno na kumkera, au utakumbuka siku ambayo kazi ilipaswa kuwa imekwisha.

Hatua ya 3: Andika mstari unaoweza kutendwa

Anza na kitenzi cha kuamrisha: tuma, piga, andika, linganisha, futa. Mstari unaosema "Ripoti" haukuelezi ufanye nini ukikaa kitini, kwa hiyo utauruka kila siku. "Andika aya ya utangulizi ya ripoti" unakupa pa kuanzia. Mstari ukikadiriwa kuzidi saa mbili, ukate vipande. Usiwe na haraka ya kukata kazi yote ya mwezi kwa mkupuo mmoja, kwani vipande vya mwisho hubadilika kabla hujavifikia. Kata viwili vya kwanza, vingine viache vikiwa mstari mmoja mnene chini ya BAADAYE.

Tarehe ziandikwe mwaka, mwezi, siku: 2025-09-04. Ndivyo kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinavyotaka, na kompyuta ikizipanga kwa alfabeti zinajipanga pia kwa wakati. 04/09 ni tarehe 4 Septemba kwa wengi, lakini kwa Mmarekani ni tarehe 9 Aprili.

Saa nazo zina mtego wake kwetu. Ukiandika "mkutano saa 3", siku nyingine hutajua kama ni saa tatu asubuhi au ni ile 3:00 iliyonakiliwa kutoka mwaliko wa barua pepe, ambayo ni saa tisa. Ndani ya faili tumia saa za tarakimu nne pekee: 09:00, 15:00. Mdomoni endelea kusema saa tatu na saa tisa.

Mtego mwingine ni ule mkato wa juu wa ng'. Kuna mkato ulionyooka (') na uliopinda (’), na kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. iPhone hupenda kuweka uliopinda, huku kibodi ya kompyuta ndani ya Notepad ikiweka ulionyooka. Matokeo yake, ukitafuta "ng'oa" mstari ulioandikwa kwa simu unaweza usijitokeze kabisa, nawe ukaamini hukuuandika. Kwenye iPhone ingia kwenye mipangilio ya kibodi, zima chaguo la alama mahiri za uandishi. Yaliyokwisha kuandikwa yarekebishe kwa Ctrl+H: tafuta mkato uliopinda, weka ulionyooka, badilisha yote.

Hatua ya 4: Asubuhi dakika kumi, jioni dakika tano

Asubuhi, kabla ya kufungua barua pepe, soma WIKI HII na upandishe mistari isiyozidi mitatu mikubwa kwenda LEO. Mitatu inaonekana michache mpaka ukumbuke kwamba siku ya saa nane haina saa nane za kazi tulivu. Mikutano, maswali ya wenzako na simu huchukua fungu lao. Ukiandika kumi na kumaliza minne, utaondoka ukijiona umeshindwa katika siku ambayo kwa kweli ilikwenda vizuri.

Kusogeza mistari: kwenye Notepad kata kwa Ctrl+X na ubandike kwa Ctrl+V. Kati ya programu nyingine za kuandikia maandishi, Notepad++ husogeza mstari mzima kwa Ctrl+Shift pamoja na mshale wa juu au chini, na VS Code kwa Alt na mshale. Kama unafanya hivi kila siku, njia hizo mbili hupunguza makosa ya kukata nusu mstari.

Mchana, jambo jipya likikujia lisilokuwa dharura ya kweli, liandike chini ya KAPU na urudi ulipokuwa. Usiamue chochote kulihusu wakati huo. Kuandika huchukua sekunde chache, ilhali kuamua kunakuvuta nje ya kazi uliyomo.

Kazi ikikatizwa, andika chini yake mstari mmoja unaosema umeishia wapi: "nimefika jedwali la 3, safu ya Julai haijalingana". Ukirudi hutaanza upya kutafuta. Kwenye Notepad kitufe cha F5 hubandika saa na tarehe ya sasa, kwa muundo unaofuata mipangilio ya Windows, kwa hiyo badilisha tarehe fupi huko iwe mwaka, mwezi, siku.

Jioni, weka x mwanzoni mwa kila mstari uliokwisha, uandike tarehe, kisha uhamishie kwenye zimekwisha.txt:

x 2025-09-04 Tuma rasimu ya mkataba kwa mwanasheria +mkataba

Mstari ulioshindwa kumalizika ubaki, lakini uongeze nyota moja mwishoni. Halafu funga faili. Kilichoandikwa hakihitaji kubebwa kichwani hadi kitandani, na hiyo ni sababu tosha ya kutoiruka hatua hii hata siku iliyokuchosha.

Hatua ya 5: Mara moja kwa wiki, futa

Tenga dakika thelathini, siku ileile kila wiki. Kwanza ondoa kila kitu kwenye KAPU: kila mstari uende chini ya kichwa chake au ufutwe. Pili pitia NASUBIRI na uwakumbushe waliokaa zaidi ya wiki. Tatu tafuta mistari yenye nyota tatu. Kwa kila mmoja kuna njia tatu tu: ukate uwe mdogo, upewe siku na saa kwenye kalenda, au ufutwe. Kuuacha uendelee kukusanya nyota si njia ya nne. Mara nyingi mstari wa namna hiyo ni jambo ulilomwahidi mtu kwa haya, au kazi usiyojua pa kuianzia. La kwanza linahitaji ujumbe wa kumwambia mhusika ukweli, na la pili linahitaji kuuliza anayejua.

Mwisho wa mwezi soma zimekwisha.txt ya mwezi mzima. Tazama mistari iliyofika kwa kelele na kukuvurugia siku, kisha jiulize ni mingapi ambayo leo kuna mtu bado anaitumia au anaikumbuka. Tazama pia ile ya kimya, iliyosogeza mradi mkubwa aya kwa aya. Ukishaona kwa macho uwiano wa makundi hayo mawili ndani ya kazi yako, utaweza kusema "nitaishughulikia kesho" kwa ombi lijalo la kelele bila moyo kukudunda. Kumbukumbu ya kichwani haikusaidii hapa, kwani huhifadhi zaidi yale yaliyotutia wasiwasi.

Hatua ya 6: Simu, kompyuta na nakala za akiba

Hatari kubwa zaidi ya mtindo huu ni faili moja kuhaririwa katika vifaa viwili kwa wakati mmoja. Simu ikiwa haina intaneti huandika kwenye toleo la zamani, kompyuta nayo inaandika kwenye jipya, na vikikutana huduma ya kulandanisha (ile inayofanya mafaili ya vifaa vyote yafanane) hutengeneza mafaili mawili. Syncthing, kwa mfano, huongeza maneno sync-conflict kwenye jina la moja. Dawa ni kugawa kazi: kompyuta pekee ndiyo inayoandika kazi.txt, simu huisoma tu. Ukiwa na simu andika kwenye kapu-simu.txt, na asubuhi yahamishe yaliyomo kwenda KAPU kisha ufute ulichohamisha.

Kulandanisha si kuhifadhi akiba. Ukifuta mistari mia kwa bahati mbaya, kufutwa huko nako hulandanishwa kila mahali. Kila mwisho wa mwezi nakili folda nzima, uipe tarehe (kazi-2025-09-30), uiweke kwenye flashi au diski ya nje, na nyingine mahali tofauti na ulipo. Kisha fungua nakala hiyo kwenye kifaa kingine uone kama inasomeka.

Ukifungua faili ukaona â€™ palipokuwa na mkato, programu imesoma UTF-8 kwa usimbaji wa zamani wa Windows. Usihifadhi. Lifunge, lifungue tena ukichagua UTF-8, na maandishi yatarudi. Ukihifadhi yakiwa hivyo, itabidi uyasahihishe kwa Ctrl+H.

Usiweke nywila humu hata moja, kwa sababu yeyote anayeshika kifaa kilicho wazi anasoma kila kitu. Na kumbuka faili halipigi kengele. Chochote chenye saa maalumu kiende kwenye kalenda ya simu.

Hatua ya 7: Kuhamia

Usihamishe orodha yako yote ya zamani. Toa yaliyomo kwenye programu uliyokuwa ukitumia, yahifadhi kama zamani.txt ndani ya folda ndogo, kisha uhamishie kwenye kazi.txt mistari yenye tarehe ya mwisho ndani ya siku 14 zijazo pamoja na ile unayomsubiri mtu. Mingine iache hukohuko. Ukihitaji mmojawapo utaupata kwa Ctrl+F. Programu ya zamani iendelee kuwepo kwa mwezi mmoja, arifa zake zikiwa zimezimwa, na usiongeze kitu kipya ndani yake.