SOMO: Kununua sarafu za kale Lamu bila kulizwa

Naandika mara moja tu, maana kila siku ni picha ya riali kwenye inboksi na "ami, hii ya mwaka gani?"

1. Anza na zinazopatikana: pysa (visarafu vya shaba) za Sultan Barghash wa Zanzibar (1299 Hijria), pysa za Mombasa za 1888, rupia za Kihindi, riali za Maria Theresa, zile kubwa za fedha za Austria.

2. Beba lenzi na sumaku. Fedha, yaani madini yenyewe, hainati sumaku.

3. Pima. Hapa nishawahi kulizwa, someni polepole. Riali imeandikwa 1780 na mtu anaona kapata mali ya mababu, kumbe Vienna na kwengineko wameendelea kuichapa kwa tarehe ileile miaka yote, kwa hiyo hiyo 1780 haikwambii kitu. Uzito wake ni gramu 28 na nukta, mpe sonara yeyote akuwekee kwenye mizani yake ya mikufu, ikija 24 mrudishie mwenyewe. Halafu tazama ubavuni: ya kweli ina herufi zilizoinuka kuzunguka ukingo, ya bandia ya kumimina utaona mstari wa kuungia au mikwaruzo ya tupa walipoufuta. Ikipita kote lipa bei ya fedha na cha juu kidogo, hadithi ya muuzaji ni bure.

4. Usisugue. Si ndimu, si majivu, si braso. Ukiing'arisha umeiua bei.

5. Ukiambiwa "imechimbwa Manda", kile kisiwa cha jirani chenye magofu, ondoka; sababu iko kwenye maswali hapo chini.

MASWALI

Kijana wa Shela: bei ya riali ngapi?
— Soma namba 3.

Kijana wa Shela: nimesoma, nauliza bei tu
— Na fedha leo iko ngapi? Anzia hapo.

Binti Mambrui: Shikamoo. Zile za Kichina zenye tundu la mraba ni za kweli?
— Marahaba, swali zuri. Za Yongle, mfalme wa Uchina aliyetawala 1402 mpaka 1424, watafiti walipata moja Manda 2013, nyengine hukohuko kwenu Mambrui. Ya kuuzwa barabarani mara nyingi ni kopi. Ikiwa ya kweli ni mbaya zaidi, kwa sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni antiki, kukitoa nchini kunataka kibali, na ukiokota peleka Makumbusho.

Binti Mambrui: Ahsante. Zangu zimeota ukijani kwenye vile vifuko laini vya plastiki.
— Zitoe leo leo! Plastiki ile inatoa jasho, na hewa yetu ya chumvi inamalizia. Bahasha za karatasi kavu, kila moja na yake.

Mzee wa Langoni: na kabati la mvule?
— Sawa mzee, bora lisiwe ukuta wa baharini.