Somo: Kuanzisha kikundi cha kuwaenzi wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza

Kila siku maelfu wanashuka Kariakoo kununua vitenge na simu. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, lililolainishwa na ndimi za wenyeji. Kambi yao ilikuwa hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa Septemba 1916. Hizi ndizo hatua za kuunda kikundi cha kuigiza maisha yao.

Hatua ya 1: Amueni mnamwigiza nani. Msianze na majenerali. Von Lettow-Vorbeck wa Mjerumani na Smuts wa Mwingereza wameshaandikiwa vya kutosha. Mpagazi alitwishwa kichwani mzigo wa ratili 60 hivi, yaani kilo 27, akavuka nao matope ya Rufiji. Kuhara damu, malaria na njaa viliwaua wapagazi wengi kuliko risasi. Nendeni pamoja kwenye Sanamu ya Askari, pale Samora na Azikiwe, iliyozinduliwa 1927. Maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba watoto watayakumbuka majina. Jina la mpagazi hata mmoja halimo pale. Hiyo ndiyo kazi yenu.

Hatua ya 2: Majina kabla ya nguo. Kila mwanachama aanzie kwao. Mpagazi wa ukoo wenu aliitwa nani? Alichukuliwa kijiji gani? Alirudi? Andikeni maneno ya mzee kama alivyoyasema, msiyanyooshe. Kisha nendeni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na Nyaraka za Taifa kule Upanga. Tengeni miezi mitatu. Kikundi kinachokimbilia kushona kinaishia kuwa cha picha tu, na hilo linaniuma.

Hatua ya 3: Karatasi. Anzeni serikali ya mtaa, kisha afisa utamaduni wa halmashauri, kisha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Mkitaka kuandamana, wapeni polisi taarifa ya maandishi mapema, si chini ya saa 48.

Hatua ya 4: Mavazi na mzigo. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, kwa hiyo msiguse mabaka. Mpagazi hahitaji sare: shuka la merikani, blanketi, sufuria, ngata ya kichwani. Mazoezini anzeni na kilo 10, mkiongeza kidogo kidogo. Shingo haizoei kwa siku moja.

Mwendo wa paredi hatuhitaji kuuazima kwa wageni. Mji huu ulicheza beni, ngoma iliyoiga bendi na gwaride la jeshi. Vikundi vyake viwili, Marini na Arinoti, vilishindana kwa vyeo, mavazi na tarumbeta. Waulizeni wazee wa ngoma.

Hatua ya 5: Siku yenyewe. Napendekeza 25 Novemba, siku ambayo jeshi la Mjerumani liliweka silaha chini kule Abercorn, sasa Mbala, Zambia, mwaka 1918. Tokeni Kariakoo alfajiri, piteni Mnazi Mmoja, malizieni kwenye sanamu. Hapo someni majina polepole.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Babu wa baba yangu alikuwa upande wa Mjerumani. Tunamwingiza?*

Marahaba mwanangu. Mwingizeni. Wapo waliotekwa wakaendelea kubeba mizigo ya upande wa pili. Mzigo ulikuwa uleule.

*Sisi kina mama tutakuwa watazamaji?*

Hapana, dada yangu. Wake na watoto wa askari wa Mjerumani walifuata msafara, wakipika na kubeba. Igizeni hayo hayo.

*Kaka, bunduki je?*

Gobori la mbao kwa askari mmoja au wawili, na mlitaje kwenye barua ya polisi. Wengine wote wabebe mizigo.

*Na wazee wa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika) waliokwenda Burma?*

Wanastahili mwaka wao. Hiyo ni vita ya pili. Ila ukimjua aliye hai, mrekodi wiki hii.

*Mwalimu, kwetu tunajua kijiji tu, jina limepotea. Tufanyeje?*

Andika kijiji kwenye daftari na mbele yake uache mstari mtupu. Siku ya kusoma, taja kijiji, nyamaza kwa pumzi moja, kisha endelea na anayefuata.