Seborga: namna ya kuchuja historia na ngano

Seborga ni kijiji cha mlimani huko Liguria, Italia, kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, jirani na mji wa pwani wa Bordighera na mpaka wa Ufaransa. Wakazi wake ni kama 300. Humo utaambiwa kuwa hii ni milki huru yenye mwanamfalme wake. Ukitaka kuisimulia habari hiyo bila kupotosha, usianzie kwa mwanamfalme. Anza na watawa.

Gawa miaka mafungu matatu: utawala wa abasia (nyumba ya watawa) hadi 1729, ukimya hadi 1963, kisha madai ya sasa. Wengi hukosea kwa kuyaunganisha kana kwamba ni uzi mmoja.

Fungu la kwanza ndilo lenye nyama. Inasemekana kijiji kilipewa watawa wa Lérins, abasia ya kisiwani karibu na Cannes, Ufaransa, mwaka 954, ingawa wapo wanahistoria wanaoishuku hati yenyewe. Basi andika "inasemekana". Hadithi za mashujaa wa Hekalu (Templari, watawa-askari wa zama za Vita vya Msalaba) ziweke kwenye ngano. Ushahidi wa kushikika ni sarafu. Kuanzia 1666 watawa walifua luigino, sarafu ndogo ya fedha iliyoiga ya Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, kwa sababu masoko ya dola la Osmani yaliipenda mno. Karakana ndogo za sarafu za Liguria zilinusa faida: sura ibaki ileile, fedha ipungue. Kwa hiyo usiseme sarafu inathibitisha uhuru kamili, maana mabwana wengi wadogo wa zama hizo walikuwa na karakana zao. Inachoonyesha ni kwamba abati, mkuu wa watawa hao, alijiona mtawala.

Mwaka 1729 watawa walimuuzia kijiji Vittorio Amedeo II wa Savoy, ukoo wa kifalme uliokuja kutawala Italia. Hapa pima hoja ya wenyeji kwa makini: wanadai mauzo hayakusajiliwa, na kwamba mikataba ya amani ya Ulaya ya 1748 na 1815 haikuitaja Seborga. Sehemu ya pili haina uzito, kwani mikataba ya namna hiyo haikuorodhesha kila kijiji. Tena waliokitawala kijiji tangu hapo ni Savoy, kisha Italia.

Mwaka 1963 Giorgio Carbone, mkulima wa maua, alichaguliwa kuwa mwanamfalme, akakaa hadi kifo chake 2009. Cheo hakirithiwi, tangu 2019 kimeshikwa na Nina Menegatto. Kura ya uhuru ya 1995, 304 dhidi ya 4, itaje kama msimamo wa wanakijiji tu. Kisheria haikubadilisha kitu: Italia haijautambua uhuru huo, meya yupo, na kodi inalipwa Italia.

Ukifika na kubadilisha pesa upate luigino za kisasa (moja hupangiwa thamani ya dola 6 za Marekani), rudisha zilizobaki kabla ya kushuka Bordighera, kwani huko hazikununulii hata kahawa.