SOMO: Kupiga namba vitabu vya risiti kwenye Heidelberg (someni kabla ya kunifuata inbox)

Wakuu habari zenu. Naandika hili somo mara moja na kila atakayeniuliza "namba zianzie wapi" namtumia hapa hapa, maana nimechoka. Mashine ninayoizungumzia ni ile Heidelberg ndogo ya letapresi (inachapa kwa kugonga umbo lenye wino kwenye karatasi), inchi 10 kwa 15, yenye mikono miwili inayozunguka kama feni. Uzalishaji wake ulikoma miaka ya 80 lakini ukizunguka Kariakoo bado unazisikia zinagonga, na kazi kubwa zinayofanya siku hizi ni namba, pafo (vitobo vya kuchania) na kukata maumbo. Maandishi yenyewe tunatoa kwenye offset, mashine nyingine ya kuchapa.

1. Chapa fomu offset, acha nafasi ya namba. Sio upande wa pini.

2. Panga NCR (karatasi zinazojinakili bila kaboni): juu nyeupe (CB, dawa iko nyuma), katikati CFB (dawa mbele na nyuma), chini CF (dawa mbele). Ukichanganya nakala haitoki, umeharibu karatasi ya mteja.

3. Chukua karatasi na kalamu, PANGA NAMBA ZAKO kabla hujagusa boksi (kile kifaa cha chuma chenye magurudumu ya namba, kitufe chake kikigandamizwa namba inasogea). Hapa ndo watu wanalia. Mfano mteja anataka vitabu 100, kila kitabu seti 50 (seti ni risiti moja na nakala zake), kwahiyo 0001 mpaka 5000, na risiti mbili zimekaa kwenye karatasi moja. Utakuwa na boksi mbili za namba na karatasi 2500 kwa kila rangi (kila nakala ya seti ina rangi yake). Usiweke 1 kushoto na 2 kulia!! Boksi la kawaida linaruka moja moja, karatasi inayofuata utapata 2 na 3, namba zinagongana kazi nzima. Unagawa nusu kwa nusu: kushoto 1 mpaka 2500, kulia 2501 mpaka 5000, ukishakata katikati unalichukua rundo la kushoto unalipandisha juu ya la kulia, namba zimefuatana zenyewe bila kukaa chini kupanga kwa mkono usiku kucha. Halafu kingine, hii mashine inalaza karatasi uso juu, ya mwisho kuchapwa ndo inakaa juu, kwahiyo tumia boksi la kurudi nyuma uanze na kubwa: kushoto weka 2500, kulia 5000. Ukimaliza juu ya rundo utakuta 0001 na 2501. Ukitumia boksi la kwenda mbele utageuza rundo lote na mimi sitakuja kukusaidia. Rangi zikiwa tatu unarudia mara tatu, na kila mara unarudisha boksi mwanzo, kuna watu hiyo wanasahau wanajikuta pinki inaendelea na namba zake nyingine kabisa.

4. Funga boksi kwenye fremu juu ya meza ya chuma iliyonyooka. Kaza kiasi. Ukibana sana magurudumu ya namba yanakwama.

5. Roli (zile za kupaka wino) ziguse uso wa namba tu. Zikikaa chini sana zinakandamiza kile kitufe cha boksi, namba inasogea kabla karatasi haijafika.

6. Pakingi (karatasi za kuegemezea nyuma ya ile inayochapwa) iwe ngumu na nyembamba. Ikiwa laini kitufe hakizami mpaka mwisho.

7. Pafo fanya mwisho, TOA ROLI, na valisha bati juu ya pakingi. Ule wembe wa pafo hauna urafiki na roli.

8. Kata, pandanisha, gundi, jalada. Wakati wa kupiga namba, kila baada ya karatasi 100 chungulia. Karatasi ikiharibika itoe pembeni, andika namba yake, utairudia mwisho kwa kusogeza magurudumu kwa mkono.

MASWALI

Dullah_Print: Mkuu namba zangu zinajirudia, yaani 412 mara mbili halafu inaruka, tatizo nini?

Mwandishi: Hatua namba 6.

Dullah_Print: Pakingi iko poa mbona

Mwandishi: Iko poa umeipima na nini? Lisafishe boksi basi, wino umekaukia ndani. Loweka kwenye mafuta ya taa, piga brashi, kausha, tone moja la oili nyepesi. Moja.

mama_stationery: Vitabu 20 bei gani na nikitaka kesho?

Mwandishi: Dada hapa ni somo sio duka.

Kijana wa Mwenge: Samahani kaka, mimi najifunza. Nimesikia kuna watu wanapiga seti nzima mara moja, namba inatokea mpaka nakala ya chini, ni kweli au stori?

Mwandishi: Kweli kabisa na swali zuri. NCR inaitikia mgandamizo, boksi likigonga nyeupe kwa wino, zile za chini zinajiandika zenyewe kwa kugongwa. Faida yake nakala zote haziwezi kupishana namba hata ulewe. Ila seti lazima iwe imeshagundishwa upande unaoingia kwanza, la sivyo mashine inanyonya karatasi ya juu peke yake. Nakala tatu zinatoka vizuri, zikizidi ya mwisho inafifia. Rundo lake pia linakuwa nene, toa mapema usiache mzigo uzikandamize zikajiandika madoa.

Kijana wa Mwenge: Asante sana kaka. Na boksi la mtumba naangalia nini?

Mwandishi: Kimo. Za Uingereza na Marekani ni milimita 23.3, za Ujerumani nyingi 23.56. Robo milimita inaonekana kitu kidogo ila ukichanganya kwenye fremu moja, lile refu linatoboa karatasi na fupi halionekani. Nenda na kifaa cha kupimia.

Chuma_Ulete: Sasa EFD (mashine za risiti za TRA, mamlaka ya kodi) zipo tangu 2010, nani bado anachapa vitabu, mnasaidia watu kukwepa kodi tu

Mwandishi: Vikoba, sadaka, delivari, geti pasi, tiketi za bahati nasibu, ada za madrasa. Mfanyabiashara wa EFD akitaka kitabu cha kumkwepa TRA aende kwingine.

Mzee wa Tanga: Hongera kijana. Sisi tulianza na herufi za madini ya risasi, unapanga moja moja kinyumenyume. Letapresi kwetu pwani ni ya zamani, gazeti la Msimulizi lilichapwa Kiungani Zanzibar 1888.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Ulikuwa nazo mpaka lini?

Mzee wa Tanga: Marahaba. Ziliuzwa kwa kilo, zikaenda kuwa vyuma vya kuzamishia nyavu. Mwenye nazo bado anawe mikono kabla ya kula, ile risasi ni sumu.

Dullah_Print: Mkuu nimesafisha, sasa inaruka mbili mbili

Mwandishi: Hatua namba 5 Dullah. Roli.