Kutu ya vipandio vya pembeni huanzia ndani: namna ya kuitibu na kuizuia hatua kwa hatua

Wageni wanapopungua mwezi Aprili na Mei, magari ya safari hupata nafasi ya kufanyiwa matengenezo, na katika karakana yetu hapa Unga Limited, Arusha, kazi moja hujirudia kila msimu huo: Land Cruiser inaingia ikiwa na vipandio vya pembeni, ambavyo wengi tunaviita saidi stepu, vilivyoliwa na kutu. Mara nyingi si vipandio vya kiwandani, bali vilitengenezwa baadaye na mafundi wa kuchomelea au vilinunuliwa dukani vikafungwa.

Dereva mmoja aliniletea gari la namna hiyo akasema, "Fundi, hivi nimevipaka rangi mwezi wa kumi na mbili tu, sielewi vimepatwa na nini." Kwa macho, rangi ilikuwa nzuri kweli. Nilipokigonga kipandio kwa nyundo ndogo, upande wa mbele ulitoa mlio wa kengele, lakini upande wa nyuma ulitoa mlio mzito kama wa debe lililojaa mchanga. Tulipokikata tulikuta udongo mweusi uliolowa, na ukuta wa bomba, ambao ulikuwa na unene wa milimita 2 lilipokuwa jipya, ulitoboka kwa bisibisi. Juu ya bomba hilo watu wazima walikuwa wakikanyaga kila siku kupanda garini. Tangu hapo siamini rangi ya kipandio mpaka nimesikia mlio wake, na mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo: maji yaliyokosa njia ya kutoka ndiyo adui, na kupaka rangi upande unaoonekana ni kazi ya mwisho wala si ya kwanza.

Chuma hushika kutu pale kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Barabara zetu zina vyote vitatu. Changarawe inayorushwa na tairi la mbele hutoboa rangi kwenye ncha ya mbele ya kipandio. Udongo wa mfinyanzi mweusi hujibana nyuma yake na kubaki na unyevu kwa siku nyingi baada ya mvua kukatika. Na vumbi la magadi kutoka Ziwa Natron, Ziwa Ndutu au Ziwa Magadi lililomo ndani ya kreta ya Ngorongoro huwa na chumvi ya kawaida ndani yake, ambayo huvuta unyevu hata usiku usio na mvua. Wapo wanaokimbilia vipandio vya alumini wakidhani wamemaliza tatizo. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini magadi huila vibaya kuliko yanavyokula chuma, hivyo kwa gari linalokwenda Natron mara kwa mara mimi hushauri chuma kilichotunzwa vizuri.

Hatua ya 1: Fungua kipandio, usikikague kikiwa kwenye gari

Osha gari siku moja kabla, kisha lipandishe kwa jeki na uliweke juu ya stendi imara. Nyunyizia bolti mafuta ya kulegeza kutu na uziache zilale usiku kucha. Bolti ikigoma, ni afadhali kuikata kwa grainda kuliko kuilazimisha mpaka ikasokota uzi uliomo ndani ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kwa sababu bolti inauzwa dukani lakini chesisi haiuzwi.

Kipandio kikishatoka, angalia kwanza mahali braketi, yaani mkono wa chuma unaokishikilia, ilipokutana na chesisi. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko kipandio chenyewe. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo ikiota katikati ya bapa mbili zilizokazwa pamoja huzisukuma na kuzitenganisha, maji zaidi yakaingia, na ulaji ukaendelea pasipoonekana. Nimekuta vipande vya mpira wa tairi vimewekwa hapo kama mto wa kuzuia kelele. Nia ilikuwa njema, lakini mpira huo hushika maji kama sifongo, na ukiukuta uutoe usiurudishe.

Hatua ya 2: Pima uamue kama kinafaa kutengenezwa

Gonga bomba lote kwa nyundo ndogo, kila baada ya sentimita tano, ukisikiliza mlio unavyobadilika. Kisha chukua bisibisi yenye ncha na usukume kwa nguvu mahali penye malengelenge ya rangi, kwenye mishono ya kuchomelea na sehemu ya chini kabisa ya bomba. Ikiwa bisibisi inazama au chuma kinabonyea, bomba limekwisha na hakuna rangi itakayoliokoa. Kiraka kidogo mahali pamoja kinakubalika. Viraka vitatu kwenye bomba moja ni dalili kwamba sehemu iliyobaki nayo inakaribia kutoboka, na hapo mimi hukataa kazi ya viraka na kumwambia mwenye gari atengeneze kipya. Braketi iliyochimbika kwenye kona yake isichomelewe kabisa, bali ibadilishwe kwa bati lisilopungua milimita 5.

Hatua ya 3: Toboa matundu ya kutolea maji

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila kipandio kilichotengenezwa mjini kwetu kinaikosa. Fundi huziba ncha zote mbili za bomba akiamini kwamba amelifunga lisiingize maji, lakini mshono wa kuchomelea huwa na vitundu vidogo, na bomba lililopata joto la jua la Makuyuni kisha likaingia ghafla kwenye maji ya korongo hupoa, hewa iliyomo ndani ikasinyaa, na maji yakafyonzwa kupitia vitundu hivyo. Yakishaingia hayana pa kutokea. Bomba lililozibwa vibaya ni baya kuliko bomba lililo wazi.

Kiweke kipandio kama kinavyokaa kwenye gari, tia alama sehemu za chini kabisa karibu na kila ncha na kila upande wa braketi, kisha toboa matundu ya milimita 8 hadi 10. Tundu dogo kuliko hapo huzibwa na tope katika safari ya kwanza. Safisha kingo za tundu kwa tupa, kwa maana rangi haikai juu ya ukingo mkali. Baada ya hapo ingiza maji yenye presha ndani mpaka yatoke masafi, na uliache bomba likauke juani siku nzima au ulipulize kwa hewa ya kompresa.

Kama kuna kiraka cha kuchomelea, kichomelee sasa, kipandio kikiwa nje ya gari. Anayelazimika kuchomelea kikiwa garini aondoe kwanza waya za betri, akianza na hasi, na akumbuke tangi la mafuta lilipo. Bomba la mabati yenye zinki liparuliwe zinki yote karibu na mshono, na kazi ifanyike penye upepo, kwa sababu moshi mweupe wa zinki huleta homa na maumivu ya kifua usiku wake. Vijana wengi hufundishwa kunywa maziwa ili kuukata moshi huo. Maziwa huenda tumboni, moshi uko mapafuni. Kinachokinga ni barakoa ya kufaa na hewa ya kutosha.

Hatua ya 4: Ondoa kutu mpaka chuma king'ae

Anza na mafuta. Magari mengi yamepakwa oili chafu chini kwa imani kwamba inazuia kutu. Inazuia kwa muda mfupi, lakini inashika vumbi, inaharibu mipira, inachafua udongo wa karakana, na kubwa zaidi, hakuna rangi itakayoshika juu yake. Safisha kwa thina na vitambaa safi ukivibadilisha mara kwa mara, kabla ya kugusa msasa, kwa sababu ukianza na msasa unayasugulia mafuta hayo ndani ya chuma.

Ndipo utumie grainda yenye diski ya msasa namba 80 kuondoa magamba, na brashi ya waya kwenye kona. Brashi ya waya peke yake ina udanganyifu wake: huing'arisha kutu ikaonekana kama chuma huku ikiwa bado imeganda. Malizia kwa msasa namba 120 ili rangi ipate pa kushikia, na uendelee sentimita tatu au nne kupita mahali kutu inapoonekana kuishia, maana chini ya rangi huwa imetambaa mbali zaidi. Vaa miwani muda wote.

Dawa ya kugeuza kutu, ile yenye asidi ya fosforiki, ina kazi yake mahali ambapo msasa haufiki, nayo hufanya kazi juu ya kutu nyembamba iliyoshikamana tu. Ukiipaka juu ya magamba inageuza ngozi ya juu, na chini ulaji unaendelea. Mabaki yake yasuuzwe na kukaushwa kama maelekezo ya kopo yanavyosema.

Hatua ya 5: Praima na rangi

Praima ni rangi ya kwanza inayoshika chuma kabla ya rangi ya juu. Hapa mazoea ya kwetu ni praima ya red oksaidi kisha rangi nyeusi ya mafuta, yote kwa siku moja. Kwa geti la nyumba inatosha. Kwa kipandio kinachopigwa mawe kila siku haitoshi, kwa kuwa praima hiyo peke yake haizuii maji kupenya, na rangi ya juu hubanduka kwa urahisi. Tumia praima ya epoksi ya makopo mawili, tabaka mbili. Anayetaka praima yenye zinki nyingi aelewe kwamba hiyo inalinda kwa sababu zinki huliwa badala ya chuma, na ili hilo litokee ni lazima iguse chuma kitupu kilichosafishwa. Ukiipaka juu ya dawa ya kugeuza kutu au juu ya rangi ya zamani umepoteza fedha.

Mishono ya kuchomelea, kingo za matundu na kona za braketi zipakwe kwanza kwa brashi ya mkono, ndipo kipandio chote kipulizwe, kwa sababu rangi ya kupuliza hukimbia kingo. Mwezi Juni na Julai asubuhi za Arusha huwa na ubaridi na ukungu, na chuma kilicholala nje kinakuwa na umande usioonekana. Subiri mpaka saa nne au saa tano, ukiguse kwa kiganja, na usipake mpaka kiwe kimepata joto la hewa. Muda wa kusubiri kati ya tabaka na tabaka ufuate kopo, si haraka ya mwenye gari.

Lami ya kupaka chini ya gari siishauri kwenye vipandio. Ikikauka hupasuka, maji huingia chini yake, na hutaiona kutu mpaka lami ibanduke pamoja na vipande vya chuma.

Hatua ya 6: Linda ndani ya bomba

Rangi ikikauka kabisa, pitisha kimrija kupitia matundu uliyotoboa na unyunyizie nta ya kuhifadhi chuma, ile inayotumika ndani ya chesisi, mpaka ianze kudondoka kwenye kila tundu. Iache idondoke, kisha pitisha waya kwenye matundu kuhakikisha yamebaki wazi.

Hatua ya 7: Kurudisha kwenye gari

Safisha na upake rangi chesisi mahali braketi itakapokaa, na kabla ya kukaza paka nta hiyo hiyo kwenye bapa zote mbili. Tumia matundu yaliyokuwepo. Usitoboe wala kuchomelea chesisi. Bolti ziwe mpya, zenye zinki, na ziwe na washa pana. Mwenye vipandio vya stenlesi vilivyofungwa kwa braketi za chuma cha kawaida azichunguze braketi hizo mara nyingi zaidi, maana metali mbili hizo zikigusana penye unyevu wa chumvi, ile dhaifu ndiyo huliwa, na upesi.

Baada ya kukaza, chora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye braketi. Gari likirudi kutoka safari ya kwanza, lioshwe upande wa nyuma wa vipandio, maji yakielekezwa kutoka chini ya gari kwenda nje na si kwa mbele pekee, matundu yazibuliwe kwa waya, na mistari ile iangaliwe: nati ambayo mstari wake umeachana na wa braketi imelegea, nayo ikazwe kabla gari halijaondoka tena.